Tunataka meya ambaye kura yake inaweza kupelekwa mbele ya juji



Siku ya soko, hapa Munya, mama mmoja muuza mboga alituuliza maulizo mawili. Tulikuwa tunapita kati ya watu, tunaongea juu ya uchaguzi wa ngazi ya chini. Akatusikiliza mpaka mwisho, akafunga fungu lake la lengalenga, kisha akasema: «Mimi kila juma napandaka gari mpaka Bukavu, nalipaka taxe ya soko kule. Ule meya wa kule, ni banani balimuchaguaka? Na kama kura ilikuwa ya wizi, mutu anaendaka kushitaki wapi?»

Tulicheka kidogo, juu hatukukuwa na jibu tayari. Tukarudi nyumbani na yale maulizo, na tangu siku ile hayajatuachilia.

Ulizo la kwanza lina jibu fupi: hakuna raiya aliyemuchagua. Ulizo la pili njo linatufanya tuandike leo. Watu wengi wanafikiri kesi ya uchaguzi ni mambo ya maavoka na ya wakubwa wa Kinshasa. Sisi tunasema hapana. Haki ya kumuuliza meya mbele ya juji «kura zako zilitoka wapi?» ni haki ya huyu mama wa Munya. Na haki hiyo tumenyimwa kwa ujanja kabisa. Hakuna aliyeandika karatasi ya kuikataza. Kura yenyewe njo haijaandaliwa. Na pasipo kura, hakuna kesi.

Mustari uliokatika katikati

Tuanzie kwa sheria, juu wengi wetu hatujaisoma.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 3, inasema kwamba muji, komine, sekta na sheferi vinapaswa kujiongoza vyenyewe. Kisha sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaonyesha namna: meya anachaguliwa na baraza la muji. Washauri wa muji, wale tunaita makonseye wa muji, wanachaguliwa na makonseye wa komine. Na makonseye wa komine, hao tunawachagua sisi wenyewe. Ni mustari moja: raiya, komine, muji, meya.

Tarehe 20 Desemba 2023 mustari ule ulianza kuchorwa. Ndani ya Ibanda, Kadutu na Bagira, watu walichagua raisi, deputé wa taifa, deputé wa provensi, na kwa mara ya kwanza tangu Katiba hii iwepo, wakachagua makonseye wa komine. Lakini kura hiyo ya ine ilifanyika tu ndani ya komine za miji mikubwa ya provensi. Sisi wa Nyangezi, ndani ya sheferi ya Ngweshe, teritware ya Walungu, tulipiga kura tatu na tukarudi shambani. Baraza la sheferi, ambalo sheria ileile ya 2008 inasema lichaguliwe, limebaki ndani ya karatasi.

Desemba 2024 mwaka moja ulitimia. Madeputé wa provensi walimuchagua gavana katika mwezi wa ine 2024. Masenateri nao wamechaguliwa. Kwa wakubwa, mustari umefika mwisho. Kwetu umekatika katikati: raiya alichagua konseye, na konseye hajamuchagua mutu yeyote wa kuongoza muji. Mpaka Desemba 2024, meya wa Bukavu aliendelea kutoka mahali ambapo ameme wa zamani walitoka: ordonnance ya Raisi wa Jamhuri, iliyosomwa usiku ku televizio.

Mutu atasema: hata ordonnance inaweza kushitakiwa ku Conseil d'État. Ni kweli. Lakini pale juji ataangalia tu kama ordonnance ile ilifuata sheria. Hawezi kuhesabu kura ambazo hazikupigwa. Meya wa ordonnance hana PV. Na kiongozi asiye na PV, raiya hana pahali pa kumushikia.

Jirani zetu walipita wapi

Kuna wenzetu wanaosema: «Afazali hivi. Kura ya meya italeta tu fujo na kesi.» Basi tuangalie kwa jirani, juu wao walishapita njia hiyo. Tanzania inatufaa zaidi, sababu meya kule anachaguliwa karibu sawa na sheria yetu inavyosema: madiwani wanakutana ndani ya salle moja na kupiga kura.

Arusha, Desemba 2010. Gaudence Lyimo wa CCM anatangazwa kuwa meya. CHADEMA wanakataa. Wanasema mukutano haukufuata kanuni, na kwamba mbunge wa viti maalum aliyetoka Tanga alipiga kura pale pasipo haki. Angalieni muzuri: ugomvi haukukuwa juu ya hesabu ya kura. Ulikuwa juu ya jina moja kwenye orodha, nani ana haki ya kuingia ndani ya salle. Na mbele ubishi ule ukatwe, watu walishaingia barabarani. Tarehe 5 Januari 2011 polisi ikapiga risasi juu ya waandamanaji, na watu watatu wakakufa. Watatu, juu ya kiti cha meya.

Dar es Salaam, mwaka 2016. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015, vyama vya upinzani vilikuwa na madiwani wengi kupita CCM. Kura ya meya ikasukumwa mara na mara. Tarehe 27 Februari madiwani wamekwisha kufika, wakaambiwa kuna karatasi ya korti inayozuia uchaguzi. Wapinzani wakaibisha karatasi hiyo palepale, fujo ikatokea, na wabunge fulani wakajikuta wao njo wameshitakiwa. Lakini hawakuachilia. Tarehe 22 Machi kura ikapigwa ndani ya Karimjee, na Isaya Mwita wa CHADEMA akapata kura 84, mupinzani wake 67. Somo letu: korti inaweza kulinda kura, na jina la korti linaweza pia kutumiwa kwa kuizuia. Mutu akileta karatasi yenye muhuri, usipige makelele kwanza. Uliza: ni ya tarehe gani? Ilitiwa sahihi na juji gani? Inakatazia nani, kufanya nini, mpaka lini?

Kampala, kwa Uganda, kule meya mukubwa alichaguliwa na raiya wote. Tarehe 23 Februari 2011 kura ikafanyika, na ndani ya masanduku fulani zikakutwa karatasi zilizokwisha kutiwa alama. Tume ya uchaguzi ikafuta yote siku ileile. Tarehe 14 Machi watu wakarudia kupiga kura, Erias Lukwago akashinda. Ingekuwa hadisi muzuri kama ingeishia pale. Lakini tarehe 25 Novemba 2013 madiwani wakakaa kwa kumutosha. Avoka akaleta karatasi ya korti ya kusimamisha kikao kile. Wakamupiga, na kikao kikaendelea. Mwaka 2014 juji mmoja akaamuru Lukwago arudie kazini, kisha korti ya juu ikasimamisha amri ile. Biro yake ikabaki imefungwa. Ni raiya njo walimurudisha, kwa kura ya 2016.

Na tusijidanganye kwamba hayo ni ya wageni. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2007, kwetu ndani ya Bas-Congo, madeputé wachache wa provensi walimuchagua gavana. Watu wakasema kura zimenunuliwa. Hawakuamini kwamba kuna juji atakayewasikiliza. Wakatoka barabarani Matadi, Muanda, Boma. Watu kupita mia moja walikufa ndani ya siku mbili, wengi wao kwa risasi za polisi na za jeshi.

Kwa hiyo wale wanaosema «kesi italeta fujo» wanageuza mambo. Damu ya Matadi na ya Arusha ilimwangika juu watu hawakuona mulango wa juji uliofunguliwa kwa wakati. Raiya anayejua kwamba kesho saa tatu kesi yake itasikilizwa, mulango ukiwa wazi, hana sababu ya kulala barabarani.

Kesi ya kura inabebwa na karatasi

Siku kura ya meya itafika Bukavu, tunapaswa kujua mambo tatu.

La kwanza: si kila mutu anaweza kushitaki. Sheria yetu ya uchaguzi inatoa ruhusa hiyo kwa kandida na kwa chama ao kundi la vyama lililoleta kandida. Mama wa Munya hawezi. Sisi harakati hatuwezi. Hiyo inatuumiza, na tunaomba siku moja ibadilishwe. Lakini kwa leo iko vile. Maana yake ni kwamba tunapaswa kuwabana makandida mbele ya kura: «Wewe, kama umeibiwa, utaenda ku korti, ao utachukua bahasha na kunyamaza?»

La pili: siku za kushitaki ni chache sana kisha matokeo ya kwanza kutangazwa. Mabishano ya kura za muji na za komine, sheria inayapeleka mbele ya tribinali ya administrasio. Na pahali ambapo tribinali hiyo haijawekwa, tribinali za kawaida njo zinashika kazi yake. Anayeanza kutafuta avoka siku ya tano amekwisha kuchelewa. Anayeanza kutafuta ushahidi siku ya sita amekwisha kushindwa.

La tatu: juji hasikilizi kelele, anasoma karatasi. Karatasi ile inaitwa PV. Inapaswa kutiwa sahihi, mashahidi wapate kopi, na ibandikwe pahali watu wanaweza kuisoma. Orodha ya wapiga kura, PV, tarehe na saa: hiyo njo kesi. Mengine ni hotuba.

Hapa tujikemee wenyewe. Tarehe 20 Desemba 2023, wangapi kati yetu walingojea mpaka PV ya makonseye ibandikwe? Tulipiga picha ya kidole chenye wino, tukaweka ku WhatsApp, tukaenda kulala. Wengine tulifuata hesabu ya raisi usiku kucha, na hesabu ya konseye wa karitie yetu hatukuiangalia hata kidogo. Leo ukituuliza konseye wa Kadutu ao wa Bagira alipata kura ngapi ndani ya biro fulani, tunashindwa. Kama sisi, wenye tunajiita watu wa mabadiliko, hatukuchunga kura ndogo, nani atatuamini tukisema tutachunga kura ya meya?

Na kura ya meya njo rahisi zaidi kuiba. Kununua raiya elfu mia moja ni kazi nguvu. Kununua makonseye kumi ni kazi ya usiku moja ndani ya hoteli. Juu ya hiyo tunasema: pahali ambapo wapiga kura ni wachache, juji na raiya wanapaswa kuwa karibu zaidi.

«Kuna vita, hakuna pesa»

Tunajua mutatuambia nini. Mutasema: «Kivu inawaka moto. Wandugu wa Masisi na wa Rutshuru wanalala ndani ya mahema, na ninyi munaongea meya?»

Wandugu wale ni wetu, tunawalilia kila siku. Lakini vita haijazuia kodi. Mpaka Desemba 2024, vita haikuzuia wateule kutumwa kutoka Kinshasa. Kila mara vita inazuia tu kitu kimoja: sauti ya raiya wa chini. Na pahali raiya hana kiongozi aliyemuchagua mwenyewe, anafundishwa kuamini kwamba kiongozi ni mutu anayeletwa, mara na karatasi, mara na bunduki. Tunakataa mafundisho hayo mbili. Kiongozi anayetoka kwa raiya hata mwenye bunduki akija atakuta watu wanajua tofauti.

Juu ya pesa: kura ya meya haiombi mashine ku kila kijiji. Haiombi ndege wala malori. Inaomba salle moja, sanduku moja, karatasi, na makonseye wachache ambao wamekwisha kuchaguliwa. Inchi iliyopata pesa za kuchagua magavana na masenateri haiwezi kutuambia kwamba imekosa sanduku moja kwa ajili ya Bukavu.

Wengine watasema: «Hata mukienda ku korti, majuji wananunuliwaka.» Hatutawaambia kwamba majuji wote ni malaika. Lakini juji anayenunuliwa kwa siri anaogopa salle iliyojaa. Anaogopa PV ambayo watu mia tano wamekwisha kuiona ku simu zao. Juji wa haki naye anahitaji sisi tumufikishie karatasi safi. Na hata tukishindwa, hukumu iliyoandikwa inabaki. Watoto wetu wataisoma na kujua nani alisema nini.

Tunaomba nini

Kwa CENI: tarehe ya kura ya makonseye wa muji, ya mabourgmestre na ya meya, tarehe yenye siku na mwezi, si «karibuni». Na mbele ya kura, orodha ya wote wenye haki ya kupiga kura ibandikwe ku kila komine, jina kwa jina, ili mambo ya Arusha yasitukute. Na kwetu Nyangezi, tarehe ya baraza la sheferi. Sisi tunaolisha Bukavu hatuwezi kuendelea kulipa pale bila sauti, na huku kwetu pia bila sauti.

Kwa majuji watakaopewa kesi hizo: mulango wazi. Hukumu isomwe mbele ya watu, na sababu zake zielezwe pia kwa Kiswahili, juu mama wa Munya hakusoma Kifaransa cha korti, na kesi ni yake.

Kwa makandida na makonseye: museme wazi, sasa, kwamba hamutauza wala kununua, na kwamba ubishi wenu mutaupeleka ku korti. Musiwatume vijana kurusha majiwe kisha ninyi mukapanda ndege.

Kwa polisi na serkali: juji akiamua, amri ifuatwe, hata kama inamuuzi mukubwa. Hukumu isiyofuatwa inawafundisha watu kwamba jiwe ni fupi kuliko korti.

Na kwetu wenyewe, kamarade: ku kila karitie, watu wawili wa kusoma sheria na kuwaelezea wengine. Ku kila kura, mutu mmoja wa kungojea mpaka PV ibandikwe, hata ikifika saa sita ya usiku. Picha ya PV mbele ya picha ya kidole. Daftari moja ya kuandika tarehe na saa. Siku ya kesi, tujaze salle, simu zimezimwa, midomo imefungwa, macho wazi. Hatubebi jiwe, hatutukani kabila la mutu. Asiyeweza hayo abaki nyumbani, hatutamukasirikia.

Tutarudia Munya siku ya soko inayokuja. Hatutakuwa na meya wa kumuonyesha yule mama, tunajua. Lakini tutamujibu sasa. Tutamuambia: mama, hakuna raiya aliyemuchagua, na ndiyo sababu hauna pahali pa kumushitaki. Tunaanza kwa kuomba kura. Na siku ile kura itafika, tutakuletea karatasi yake hapa ku meza ya mboga yako, uihesabu wewe mwenyewe.

Nyangezi, Desemba 2024